Sauti ya Pili kwenye Jukwaa Lililopinda

Jambo lenyewe lilianza kwa neno moja lililotangulia wakati wake.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 1 Februari 1994, saa nane na dakika kumi na saba mchana, katika stesheni ya Tsukishiro mjini Osaka, ngazi sitini na nane chini ya barabara. Naibu stesheni masta Kurahashi Tokuji alisimama mahali pake pa siku zote, konani mwa jukwaa, glovu zake nyeupe zikiwa safi na kofia yake imenyooka. Alinyoosha kidole cha shahada kuelekea mabehewa ya nyuma, akatamka kwenye kipaza sauti, "Nyuma, salama!" Akageuka, akanyoosha kidole mbele. Alikuwa bado anavuta pumzi ya kutamka, pale sauti ilipotoka kwenye ncha ya jukwaa, mahali ambapo taa ya mwisho huishia na handaki huanza, ikasema kwa upole, "Mbele, salama."

Milango ikafungwa. Treni ikaondoka.

Kurahashi alibaki na kidole hewani. Hapakuwa na mtu kwenye ncha ile. Palikuwa na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, na unyevu ukutani wenye umbo la bega.

Kazi hiyo aliianza tarehe 1 Aprili 1961, siku Kampuni ya Reli ya Hanazuka ilipofungua njia ile, naye alikuwa miongoni mwa waliovaa glovu mpya asubuhi hiyo. Kidole kikinyooshwa, jicho hulazimika kukifuata. Mdomo ukitamka, akili hulazimika kuamka. Ndivyo afundishwavyo kila mtu wa reli siku ya kwanza, na ndivyo atakavyofanya hadi siku ya mwisho. Kitu kilichoonyeshwa na kutajwa huwa juu ya aliyekitaja, ni dhamana yake. Pale Tsukishiro desturi hiyo ilikuwa na uzito maalumu, kwa kuwa jukwaa lilipinda kama mundu, na kondakta aliyesimama behewa la nyuma hakuweza kuiona milango ya mbele hata angechungulia vipi. Alichokuwa nacho ni sauti ya mtu wa konani. Sauti ile ikisema salama, yeye hufunga na kuondoka.

Kurahashi aliibeba desturi hiyo mpaka nyumbani. Kila asubuhi alilinyooshea kidole jiko: "Gesi, imezimwa!" Kila alipotoka au kuingia: "Mlango, salama!" Mkewe alipofariki mwaka 1975, binti yao Chizuru alikuwa na miaka saba, na tangu hapo mtoto huyo alilelewa kwa sauti ile. Hakuruhusiwa kuvuka barabara, wala kugusa kitasa, kabla ya baba kutamka salama. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, ameajiriwa katika duka kubwa la nguo, na kila siku ya zamu ya mchana alipanda treni ya saa nane na kumi na saba pale pale Tsukishiro, akimpungia baba yake mkono kama mtoto wa shule.

Wakati wa chai siku ile, Kurahashi alimkuta kondakta Nagamine katika chumba cha wafanyakazi, akila tambi nene kwa kelele. Nagamine alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini, asiyeweza kunyamaza hata mdomo ukiwa umejaa.

"Nagamine, ulisikia nini kabla ya kufunga milango?"

"Nilikusikia wewe, kaka. Nani mwingine? Ila sauti ilikuwa nyororo, nikasema kumbe mzee ameoa tena na hakutualika."

"Sina mzaha. Mimi sikutamka 'mbele'."

"Basi masikio yako yamestaafu kabla yako, tena bila kuandika barua." Nagamine alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akashusha vijiti vyake vya kulia. "Umebakiza siku ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Basi, kaka, hamsini na nane si nyingi. Usianze kusikia vitu."

Alhamisi, tarehe 3, ilikuwa siku ya kufukuza mashetani kwa maharagwe. Nagamine, aliyependa sherehe yoyote yenye kutafunwa, alishuka jukwaani na kisanduku cha soya za kukaanga, akazirusha gizani kwa konzi. "Mashetani nje!" alipaza sauti. "Baraka ndani! Na wewe uliyeko huko ndani, mwache mzee wangu astaafu!"

Abiria wachache walitabasamu. Halafu pakawa kimya, kimya cha ajabu kwa mahali penye mashine nyingi kiasi kile, na kutoka ndani ya handaki kukasikika vitu vidogo vikibiringika. Vilikuja vikifuata ukingo wa jukwaa, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio, vikapinda palipopinda jukwaa, vikasimama mbele ya viatu vya Kurahashi. Zilikuwa soya zile zile. Zilikuwa zimelowa, na zilinuka mafuta ya nywele ya kizamani na sufi iliyonyeshewa mvua.

Desturi ya siku hiyo ni mtu kula punje kwa hesabu ya miaka yake. Kurahashi alizihesabu pale chini bila kuziokota. Zilikuwa ishirini na sita.

"Upepo wa treni," alinong'ona Nagamine. "Eh, kaka? Upepo tu?"

Kurahashi alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amemkumbuka mtu wa miaka ishirini na sita ambaye hakuwa binti yake.

Jumanne, tarehe 8, saa nane na kumi na saba, sauti haikuwa nyororo tena. Kurahashi alikuwa amesimama konani na mdomo wake umefungwa, kwa sababu kwenye mlango wa mbele bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa bado anapanda; na kipaza sauti, ambacho kilikuwa mkononi mwake mwenyewe, kikatamka kwa sauti yake mwenyewe, nzito, safi, yenye mkwaruzo ule wa sigara alizoziacha mwaka 1980: "Nyuma, salama! Mbele, salama!" Milango ikabana. Mkanda wa mkoba wa bibi ukabaki ndani, bibi akabaki nje, na treni ikaanza kujongea. Kurahashi alibonyeza kitufe cha hatari kwa ngumi. Treni ilisimama baada ya hatua mbili. Bibi aliketi sakafuni, fimbo yake imekwama kati ya behewa na jukwaa.

Stesheni masta Yasukawa, mtu mpole aliyependa mafaili yafungike vizuri, alimwita ofisini pamoja na Nagamine.

"Bwana Kurahashi," alisema kwa sauti ya chini, "ulitamka salama."

"Sikutamka."

"Nagamine?"

Nagamine aliikunja kofia yake mikononi. "Nisamehe, kaka. Nilikusikia kwa masikio yangu mawili."

Yasukawa alitazama kalenda badala ya kumtazama mtu. "Miaka thelathini na tatu bila doa, na mwezi ujao unapewa cheti. Sitaki doa liingie leo. Nimepata mtu wa kukupokea Jumanne ijayo, tarehe 15. Utakaa chumba cha vitu vilivyopotea hadi mwisho wa Machi. Kule kuna miavuli tu."

"Kwa hiyo siku yangu ya mwisho jukwaani ni tarehe 14."

"Tarehe 14. Kuna tatizo?"

"Hapana," alisema Kurahashi, na huo haukuwa uongo wake wa kwanza katika ofisi ile.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa tarehe 14 Februari 1967, siku ya Jumanne. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, amekesha na mkewe mgonjwa, na saa nane na kumi na saba mchana alinyoosha kidole mbele na kutamka salama bila kutazama. Kidole kilikwenda chenyewe. Mdomo ulikwenda wenyewe. Jicho lilibaki limelala. Mlango wa mbele ulikuwa umeubana upindo wa koti la buluu la mwanamke wa miaka ishirini na sita aitwaye Sakuma Fumie, aliyekuwa akishuka. Treni iliondoka naye hadi ndani ya handaki. Wachunguzi walipomuuliza, Kurahashi alisema: "Nilionyesha, nilitazama, nilitamka. Alikimbilia treni baada ya hapo." Waliandika hivyo. Mama wa marehemu aliinama mbele ya meza yao, akaomba radhi kwa usumbufu ambao binti yake aliusababishia kampuni. Kurahashi naye aliinama, akaipokea radhi hiyo.

Jioni ya tarehe 8 alipanda ngazi nyembamba juu ya duka la pweza wa kukaanga, nyuma ya stesheni, kwa Bi Otowa. Alikuwa ajuza mfupi, kipofu wa jicho moja, ambaye watu wa mtaa ule walimwendea kwa nyumba zisizolalika na watoto wasionyamaza. Kurahashi aliweka mbele yake chupa ya pombe ya mchele na kuanza kueleza habari za kipaza sauti kibovu.

"Nyamaza," alisema Bi Otowa. "Umekuja ukinuka nywele za mwanamke. Nani huyo?"

"Simjui."

"Basi chukua chupa yako, baba, teremka. Chini wanauza pweza."

Ilimchukua Kurahashi muda mrefu kusema lile ambalo miaka ishirini na saba hakuwa amelisema. Bi Otowa alisikiliza akitafuna kachumbari ya figili.

"Alikuwa mzimu," alisema hatimaye. "Wa kawaida, wa kulia. Sasa amekaa mno bila kutazamwa, naye si mzimu tena, ni jini. Amejifunza kazi yako, na anaifanya kama ulivyoifanya wewe siku ile."

"Naweza kumfukuza?"

"Kwa lipi? Uvumba anaunusa tu, chumvi anailamba. Anataka kitu kimoja. Siku ile ile, saa ile ile, mnyooshee kidole, mtazame usoni, utamke ulichopaswa kutamka. Kwamba mtu amenaswa. Ataacha jukwaa." Aliinua jicho lake zima. "Lakini sikia. Mtaje peke yake. Usimtaje na mtu mwingine kwa pumzi moja. Na ukishamtaja, yuko juu yako. Wewe wa reli, sihitaji kukufundisha hilo."

"Zamu yangu inaisha tarehe 31 Machi."

"Hiyo ya kampuni," alisema Bi Otowa. "Hii nyingine haina tarehe."

Siku zilizofuata alihesabu saa. Jumapili, tarehe 13, alimpigia Chizuru simu.

"Kesho usipande Tsukishiro. Panda stesheni ya pili."

"Baba, nitembee dakika ishirini kwenye baridi hii? Kwa nini?"

"Nimekuomba."

"Umeota tena umenisahau kwenye treni? Haya, haya. Stesheni ya pili. Naahidi." Alicheka, na katika kicheko chake mlikuwa na kitu alichokuwa akikificha.

Kitu hicho kilikuwa kisanduku cha chokoleti. Tarehe 14 Februari wanawake wa mji ule huwapa wanaume chokoleti, na Nagamine, kwa nia njema kabisa, alikuwa amempigia Chizuru simu kumwambia kuwa hiyo ni siku ya mwisho ya baba yake jukwaani, na kwamba mzee amenyong'onyea, aje amchangamshe.

Jumatatu, tarehe 14 Februari 1994, saa nane na dakika kumi na tano, taa ya mwisho ya jukwaa ilififia bila kuzimika. Harufu ilifika kwanza, mafuta ya nywele na sufi mbichi, ikiwa nzito kiasi cha abiria mmoja kujifunika pua kwa skafu na kutazama chini ya kiatu chake. Kisha treni ikaingia, watu wakashuka, watu wakapanda, na Kurahashi, ambaye safari hii alikuwa amelifungua jicho lake kama mtu afunguaye mlango kwa bega, akamwona: mwanamke mwenye koti la buluu, amesimama kwenye mlango wa mbele akiwa ameupa mgongo, upindo wa koti umeingia katikati ya milango miwili ambayo ilikuwa bado wazi, maji yakimdondoka bila kulowesha sakafu.

Alinyoosha kidole. Yule mwanamke akageuka taratibu, na Kurahashi akamtazama usoni, uso ambao haukuwa umeharibika hata kidogo, uso wa mtu aliyeuliza swali na bado anangoja, mpaka kinywa chake kilipofunguka, na ndani ya kinywa kile hamkuwa na ulimi wala meno bali giza la handaki lenye reli mbili zinazong'aa kwa mbali, na kutoka humo, na kutoka kwenye kipaza sauti mkononi mwa Kurahashi kwa wakati mmoja, ikatoka sauti yake mwenyewe ya ujana ikitamka, "Nyuma, salama!", na wakati huo huo, kwenye ngazi za mbele, mtu alishuka mbio akiita "Baba! Baba, ni mimi!", kisanduku chekundu mkononi, akaruka kuingia treni, mlango, uliojifunga kabla neno la 'mbele' halijatamkwa, ukamkamata mkanda wa mkoba uliopita kifuani mwake, naye akabaki nje bega kwa bega na yule wa koti la buluu asiyemwona.

Mdomo wa Kurahashi ulifunguka. Na kile kilichomtisha kuliko uso ule, kuliko giza lile lenye reli, ni kwamba mdomo ulikuwa umekwisha kuliumba neno. Miaka thelathini na tatu, kidole kikinyooka mbele, mdomo ulikuwa umetamka neno moja tu, nao haukujua lingine, na sasa silabi ya kwanza ilikuwa mlangoni mwa meno yake ikitoka kwa hiari yake. Akaung'ata ulimi hadi damu. Akalimeza neno pamoja na damu. Kisha akapiga ukelele ambao kuta za stesheni ile zilikuwa hazijausikia.

"Si salama! Mlango wa mbele! Watu wawili wamenaswa! Watu wawili!"

Nagamine aliachia milango. Treni haikusogea hata kwa unene wa kidole. Chizuru alianguka nyuma, akaketi sakafuni, kisanduku kikapasuka na chokoleti zikatawanyika. Taa ya mwisho ikawaka vizuri. Kando ya Chizuru hapakuwa na mtu.

"Kaka," alisema Nagamine, aliyekuwa amekuja mbio, midomo yake imepauka. "Umesema wawili. Mbona namwona mmoja?"

Hapo ndipo Kurahashi alipokumbuka onyo la Bi Otowa.

Jioni hiyo hiyo alimweleza Yasukawa habari zote za mwaka 1967, akiwa amesimama wima. Yasukawa alisikiliza hadi mwisho, akatoka kidogo, akarudi na chai ya shayiri.

"Bwana Kurahashi, faili hilo lilifungwa. Waliolitia saini wamekufa. Ukilifungua, nani atafaidika?"

"Mama yake."

"Amekufa pia. Nimeuliza sasa hivi kwa simu. Kunywa chai, uende nyumbani."

Tangu tarehe 15 jukwaa lilikuwa shwari. Mtu mpya wa konani alitamka, na hakuna aliyemtangulia. Tarehe 31 Machi Kurahashi alikataa cheti, na wenzake wakasema ni unyenyekevu.

Ijumaa, tarehe 1 Aprili 1994, asubuhi yake ya kwanza bila kazi, alisimama jikoni kwake, akalinyooshea jiko kidole kwa mazoea. "Gesi, imezimwa!"

Kutoka ukumbini, kwa sauti yake mwenyewe, likaja jibu la mtu anayehesabu abiria.

"Mmoja, yumo."

Alichungulia ukumbini. Mikeka ya ukumbi ilikuwa mikavu, lakini harufu ya sufi mbichi ilikuwa imejaa hadi darini.

"Bado mmoja," ilisema sauti.

Bi Otowa hakumfungulia. Alisema naye kupitia dirishani, juu ya moshi wa pweza. "Uliwaita wawili kwa pumzi moja, baba. Anawakusanya. Wewe umeshambeba, hawezi kukudhuru. Lakini yule binti aliyenaswa naye mlangoni, asikanyage nyumba hiyo. Siku akiingia, hesabu imetimia."

Kwa hiyo Kurahashi akawa baba mbaya. Chizuru alipopiga simu, alimwambia ana mafua. Alipotaka kuja na dawa, alimwambia amechoka na wageni. Alipouliza amemkosea nini, alimkatia simu. Hakuthubutu kuhama, kwa maana mzigo ungehama naye, na angalau mlango huu aliujua. Usiku na mchana aliketi ukumbini akiutazama, macho wazi, kama alivyopaswa kuutazama mlango mmoja zamani.

Jumapili, tarehe 24 Aprili, mvua ya majira ilinyesha tangu alfajiri. Saa nane na robo mchana, viatu vilisikika kwenye varanda.

"Baba, fungua. Nimekuletea mchuzi wa oden wa moto, ule wa mayai na figili. Najua umo, viatu vyako viko hapa."

"Rudi, Chizuru." Sauti yake, baada ya majuma ya kutosema na mtu, ilikuwa imepasuka, nyembamba, kama ya mgonjwa asiyejulikana. "Usiguse kitasa. Hapa si salama."

"Nani huyo? Baba? Mbona sauti yako iko hivyo? Umeanguka?"

"Rudi nyumbani kwako! Sikutaki hapa! Ondoka!"

Mvua. Kurahashi alijibana mlangoni kwa mgongo, akashika kufuli kwa mikono miwili, na kufuli lilikuwa limelowa na likamteleza vidoleni kama kitu kilichopakwa mafuta ya nywele. Pembeni ya sikio lake kitu kikavuta pumzi. Kisha sauti ikatoka, nzito, safi, yenye mkwaruzo wa sigara zilizoachwa zamani, ile ile iliyomvusha mtoto barabara zote za utotoni na kumlaza kila usiku wa miaka ishirini.

"Mlango, salama!"

Nje, Chizuru alishusha pumzi kwa faraja, akahamishia sufuria mkono wa kushoto, akashika kitasa.